Deni la Mwenye Kufuga

Msomaji wangu, mji wa Isiolo u mbali na bahari. Mtu akitoka hapa kwa gari, akapitia Nairobi mpaka Mombasa, husafiri zaidi ya kilometa 700. Mji wetu ni wa ngamia na mbuzi, vumbi na upepo. Barabara itokayo kwetu kwenda Marsabit na Moyale hupita katika nchi kavu, na wengi wa wanafunzi ninaowafundisha hawajapata kuona mawimbi yakivunjika ufuoni. Kwa hiyo huenda ukastaajabu nikikuambia kwamba swali ninalotaka kulijadili nawe lililetwa kwangu na viumbe wa baharini, tena ndani ya nyumba ya papa hapa Isiolo. Swali lenyewe ni hili: Je, ni haki mtu kumtoa kiumbe mahali awezapo kujitunza, akamweka mahali asipoweza, kwa kuwa tu humpendeza macho?

Nina jirani ambaye asili yake ni Mombasa. Alikuja huku kwa biashara ya nguo, akaoa, akajenga, akawa mtu wa Isiolo kama sisi. Lakini moyo wake haukuisahau bahari. Mwaka mmoja alirudi kutoka pwani na tangi la kioo lenye ujazo wa lita 60, akaliweka sebuleni mwake. Ndani yake mlikuwa na mchanga, mawe ya matumbawe, chaza wadogo watano, na farasi-bahari wawili, dume na jike, ambao alikuwa amewanunua kwa muuzaji wa samaki wa mapambo.

Watoto wa mtaa walijazana dirishani, nami sikuwa nyuma yao. Farasi-bahari ni samaki kweli, ingawa umbo lake hulikatalia jina hilo. Kichwa chake chafanana na cha farasi, mkia wake hujipinda kama kidole na kukamata jani, na macho yake mawili huweza kutazama pande mbili tofauti kwa wakati mmoja. Tena ana jambo ambalo wanafunzi wangu hawakulisadiki mpaka nikaapa: ni dume achukuaye mayai katika mfuko ulio mwilini mwake mpaka watoto wazaliwe. Chaza nao, wakikaa kimya ndani ya magamba yao mawili, walifumbua vinywa kidogo, wakawa wanavuta maji, wanachuja chakula kilicho kidogo kuliko punje ya vumbi, kisha wanayatoa maji hayo yakiwa safi zaidi. Katika nyumba ya vumbi tulikuwa na kipande cha Bahari ya Hindi, na kila mmoja wetu alijiona tajiri.

Mwezi wa Agosti jirani yangu alipata safari ya wiki tatu. Shule zilikuwa zimefungwa. Akanijia jioni, akaniambia, "Mwalimu, hawa ni amana. Wewe ni mtu wa elimu, nakuachia wewe." Akanionyesha chakula chao, yaani vijiduvi vya majini vilivyogandishwa, na jinsi ya kuwalisha mara tatu kwa siku. Akanionyesha pampu ya hewa. Akanionyesha mfuko wa chumvi maalumu na kipimo chake, gramu 35 kwa kila lita, nayo ndiyo kadiri ya chumvi iliyomo baharini. Nikatikisa kichwa kwa kila neno. Maelezo yote hayakuzidi dakika kumi, naye akaenda zake.

Nakuomba uamini kwamba sikuwa mvivu. Niliwalisha kwa saa, nikaamka alfajiri kuitazama pampu, na umeme ulipokatika usiku mmoja nilikaa nikiyakoroga maji kwa kikombe ili hewa iingie. Lakini Agosti kwetu ni mwezi wa upepo mkavu, na kila siku maji ya tangi yalipungua kadiri ya lita moja. Nami kila siku nilichanganya lita moja ya maji na gramu 35 za chumvi, nikaijaza nafasi ile. Nilijiambia, "Maji ya baharini yamepungua, basi nirudishe maji ya baharini." Hoja hiyo niliiona timamu kabisa.

Siku ya kumi na nne chaza walifunga magamba yao, wala hawakuyafungua tena kama kawaida. Nilidhani wamelala. Siku ya kumi na nane mmoja alipanuka wazi, na nilipomgusa kwa kijiti hakujifunga. Siku ya ishirini maji yalianza kunuka, na farasi-bahari jike alikuwa amelala juu ya mchanga, mkia wake haujashika kitu.

Siku ile ile alikuja kwangu mwanafunzi wa kidato cha pili, mtoto wa wafugaji, kuazima kitabu. Alinikuta na ndoo mkononi. Akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, maji hayo unayotia yana chumvi?" Nikamjibu kuwa yanayo. Akauliza tena, "Na yale yaliyokwenda na upepo, yalikwenda na chumvi?" Nikanyamaza. Akasema, "Huko Magado maji yakikauka, chumvi hubaki. Ndiyo tunayowapa mbuzi."

Magado ni kasoko ya zamani upande wa vilima vya Nyambene, ambako watu huvuna chumvi ya mifugo. Yule kijana hakuwahi kuiona bahari, lakini alikuwa ameona maji yakiondoka na chumvi ikibaki tangu utoto wake. Mimi nami jambo hilo nililijua. Nililisoma chuoni nilipokuwa nikijifunza ualimu, na mwaka ule ule nilikuwa nimelichora ubaoni, jua upande huu na mvuke ukipanda upande huu, nikawasahihishia wanafunzi madaftari yao. Tuhesabu pamoja, msomaji wangu. Lita 60 kwa gramu 35 ni gramu 2,100 za chumvi. Kwa siku ishirini nilitia gramu 700 zaidi, na maji yakabaki lita zile zile 60. Kila lita ikawa na gramu 46 na zaidi. Nilikuwa nikiwachacha viumbe wale kidogo kidogo, kila asubuhi, kwa mkono wa upendo. Kilichotakiwa ni maji matamu tu.

Chaza walipokufa walioza, na kuoza kwao kukatia sumu ya amonia katika maji machache yale. Farasi-bahari dume alikufa siku ya pili yake. Jirani yangu aliporudi nilimweleza yote, wala sikuficha ndoo wala kipimo. Alikaa kimya, halafu akasema, "Mwalimu, usijitwike peke yako. Kosa la kwanza ni langu. Nilikukabidhi bahari kwa maneno ya dakika kumi." Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuweza kulijibu siku ile: "Wanionaje, ninunue wengine?"

Insha hii ndiyo jibu langu. Lakini kabla sijalitoa, yafaa tupime hoja za pande zote mbili, kwa kuwa mtu ahukumuye kwa kusikia upande mmoja hana tofauti na asiyehukumu.

Wako wasemao kwamba kufuga viumbe wa namna hii si kosa hata kidogo, nao wana hoja. Wasema kuwa mtu hawezi kupenda asichokijua. Watoto wa mtaa wetu walioziona pua zile ndefu zikinyonya chakula hawatasahau. Huenda mmoja wao siku moja akawa mtaalamu wa bahari kwa sababu ya dirisha lile. Wasema pia kuwa bahari yenyewe haina huruma: farasi-bahari huliwa na kaa na samaki wakubwa, na wengi wa watoto wake hawafikii utu uzima. Ndani ya tangi hakuna adui. Je, si afadhali usalama wa kioo kuliko hatari ya mawimbi?

Hoja ya kwanza naikubali. Ya pili naikataa, na sababu ni hii. Kiumbe aliye baharini yumo hatarini, lakini amepewa vyombo vya kuikabili hatari hiyo. Maji yakiwa mabaya hapa, huenda pale. Chakula kikipungua kwenye nyasi hizi, hutafuta nyasi nyingine. Farasi-bahari si mwogeleaji hodari, hana hata mfuko wa tumbo wa kuwekea akiba ya chakula, na kwa hiyo yampasa ale mara kwa mara mchana kutwa. Lakini bahari humletea riziki hapo aliposhika jani kwa mkia wake. Chaza hana miguu ya kukimbilia, lakini mkondo wa maji humpitia na kumbadilishia maji yake kila dakika. Tunapowatia katika kioo hatuwaondolei hatari. Twaziondoa hatari za bahari na kuweka mahali pake hatari moja tu, nayo ni sisi wenyewe. Na hatari hiyo hawana chombo cha kuikabili. Maji ya tangi langu yalipoharibika, walikuwa na njia moja tu, nayo ni kungoja nifahamu.

Hapa ndipo mahali pa kuelewa neno kufuga. Watu wengi hudhani kufuga ni kumiliki. Lakini aliyekamata kiumbe amechukua pamoja naye kazi yote iliyokuwa ikifanywa na mahali pake. Bahari ilikuwa ikipima chumvi; sasa kazi hiyo ni yako. Bahari ilikuwa ikitia hewa, ikisafisha uchafu, ikileta chakula, ikituliza joto. Zote hizo sasa ni zako, usiku na mchana, ukiwa mzima au mgonjwa, ukiwa nyumbani au safarini. Mgeni tukimkaribisha hujua njia aliyojia, na karamu isipompendeza huaga akaenda. Mfungwa wa tangi si mgeni. Ndiyo maana nasema kwamba mwenye kufuga ana deni, na deni hilo halilipwi kwa mapenzi. Mimi niliwapenda wale viumbe, nao walikufa kwa chumvi niliyowatilia kwa upendo.

Tena angalia jambo moja la ajabu. Tungefikiri kwamba chombo kidogo ni kazi ndogo. Sivyo. Zile gramu 700 zingalitiwa katika tangi la lita 600, kila lita ingaliongezewa gramu moja na kidogo tu, na pengine chaza wasingalitambua. Bahari haitambui hata meli nzima ya chumvi ikizama. Kadiri chombo kinavyokuwa kidogo ndivyo kosa linavyokuwa kubwa ndani yake. Mwenye kutunza kitu kidogo asijidanganye kuwa amepewa wajibu mdogo.

Wala tusidhani kuwa mambo haya yalianzia nyumbani kwa jirani yangu. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya matangi ya viumbe wa majini, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse, aliyekuwa mtaalamu mpenda bahari, alitoa kitabu chake juu ya ufugaji huo. Watu wa Uingereza wakashikwa na shauku. Wakashuka pwani na ndoo na nyundo, wakachukua kila kilichopendeza katika vidimbwi vya miambani. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund Gosse, aliandika kwa huzuni jinsi vidimbwi vile alivyovijua utotoni vilivyokwisha kunyang'anywa uzuri wao, na jinsi jambo hilo lilivyomuumiza baba yake, ambaye kitabu chake kiliwaonyesha watu njia. Hakuna hata mmoja kati ya watu wale aliyeichukia bahari. Waliipenda, lakini waliipenda kwa kuichukua.

Katika nchi yetu hatua zimechukuliwa. Malindi na Watamu zilifanywa hifadhi za bahari mwaka 1968. Biashara ya farasi-bahari kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa kimataifa tangu mwaka 2004, na ile ya chaza wakubwa tangu miaka ya 1980. Chaza wakubwa hao, ambao pwani yetu pia wanayo, huishi kwa msaada wa mimea midogo sana iliyo ndani ya nyama yao na inayohitaji mwanga wa jua. Sheria hizi ni njema. Lakini sheria huulinda mlango wa bahari tu. Haiwezi kusimama kando ya kila tangi usiku wa manane umeme ukatikapo. Hapo hubaki dhamiri ya mtu.

Wewe msomaji wa Isiolo huna haja ya kwenda London kutafuta mfano. Mwaka 1956 George Adamson, bwana nyama aliyekuwa na makao yake hapa hapa Isiolo, alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia. Baadaye aligundua kwamba simba yule alikuwa na watoto watatu. Akawaleta nyumbani, na mkewe Joy akawalea kwa maziwa. Wawili walipokua walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyeitwa Elsa, alibaki. Kitabu alichoandika Joy mwaka 1960 kilimfanya simba huyo ajulikane duniani kote.

Watu wengi hulikumbuka pendo la hadithi ile. Mimi napenda ukumbuke kazi. Simba aliyelelewa kwa chupa hajui kuwinda, na kumwachia porini bila ya kumfunza ni kumwua kwa mkono wa njaa. Kwa hiyo wale wawili walikaa porini pamoja naye kwa muda mrefu, wakamzoeza kuwinda, na jaribio la kwanza lilipokosa kufaulu walimpeleka mahali pengine, upande wa Meru, wakaanza upya. Elsa alifaulu, akazaa watoto porini, akafa kwa maradhi mwezi wa Januari 1961. Sisemi kwamba kila walichofanya kilikuwa sawa. Risasi ile ilikuwa imekwisha tokea. Nasema tu kwamba waliona kuwa kumlisha mnyama hakutoshi. Deni lao lilikuwa kumrudishia uwezo wa kuishi pasipo wao, nao walitoa miaka ya maisha yao kulilipa.

Basi na tumrudie jirani yangu na swali lake. Naona kwamba kabla mtu hajanyoosha mkono kuchukua kiumbe, yampasa ajiulize maswali matatu. La kwanza: Je, najua kile ambacho mahali pake palimfanyia? La pili: Je, yuko mtu atakayeifanya kazi hiyo sawasawa nikiwa sipo? La tatu, nalo ndilo zito: Je, nikikosea, yeye aweza kujiokoa? Mfugaji wa ngamia hapa kwetu aweza kuyajibu yote matatu. Amefunzwa na baba yake, ana ndugu wa kumsaidia, na ngamia aliyesahauliwa malishoni ana miguu ya kutafuta maji. Mwenye farasi-bahari katika lita 60 za maji, mbali na bahari kwa kilometa 700, hujikwaa katika la pili na kuanguka katika la tatu.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba asinunue. Ikiwa yatamani macho yake kuiona bahari, na asafiri kuiona; na ikiwa apenda watoto wa mtaa waione, na tushirikiane kuchanga nauli, tuwapeleke. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Ua la farasi-bahari ni zile nyasi zilizo chini ya maji ya pwani yetu, na mkondo unaozitikisa. Hatuwezi kulichukua boga tukaliacha ua, kisha tukasema kuwa tumependa.

Nilipomwambia hivyo alicheka kidogo, akasema kuwa alikuwa amekwisha kuliosha tangi. Sasa limegeuzwa juu chini uani kwake, na kuku wake hulala kivulini mwake. Lakini nauli hatujaichanga bado, na watoto wameanza kuniuliza.

Kwako wewe, msomaji wangu, sina shaka kuwa huna tangi la kioo. Lakini haitapita miaka mingi kabla hujakabidhiwa kitu kisichoweza kukukimbia: mdogo wako utakayeachiwa umtunze, mgonjwa asiyeweza kusema, darasa la watoto, au fedha za watu wasiojua kuhesabu. Watakuambia, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba wewe ni mtu wa elimu. Siku hiyo usitikise kichwa kwa kila neno. Uliza mpaka ufahamu, na ukiona magamba yamefungwa usidhani kuwa wamelala. Naye akikujia aliye mdogo kuliko wewe, akakuuliza swali jepesi ukiwa na ndoo mkononi, iweke ndoo chini kwanza umsikilize.